Mgeni Akae Wapi? Kodi ya Mbele, Safari ya Mbali na Wajibu Wetu



Mwaka jana, katika Dominika moja ya Kwaresima, niliwakaripia waamini wangu mimbarini kwa sababu ya kutohudhuria Jumuiya Ndogo Ndogo. Nilisema maneno makali juu ya uvivu, na juu ya watu ambao wakisha kufika mjini humsahau Mungu aliyewafikisha. Baada ya Misa mama mmoja kijana alinifuata nje ya sakristia. Hakunung'unika. "Baba," alisema, "mimi ni mmoja wa wale uliowasema. Naomba siku moja tufuatane kazini, kisha ndipo unihukumu."

Tulifuatana Jumatatu iliyofuata. Parokia yetu iko upande wa Chanika, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, naye mama huyu ni muuzaji katika duka moja la vitambaa huko Kariakoo. Saa kumi na nusu alfajiri alikuwa amekwisha kuwapikia watoto wake wawili uji, akaufunika, akamwachia jirani ufunguo. Tulipanda bodaboda mpaka barabarani. Kituoni tulikuta umati. Gari la kwanza lilijaa kabla halijasimama, vijana wakiingilia madirishani. La pili kadhalika. Akanieleza afanyavyo siku za namna hiyo: huvuka barabara, hupanda gari linalorudi mwisho wa njia, hugeuza nalo, na hulipa nauli mara mbili ili apate mahali pa kukaa. Tulifika Gongo la Mboto, tukashuka, tukapigania gari jingine. Tuliingia Kariakoo saa moja asubuhi. Jioni mwendo ni ule ule, ila giza limekwisha kuingia. Hufika nyumbani saa tatu na nusu au saa nne usiku, na watoto wamelala. Wakazi wa jiji hili wana mzaha mmoja mchungu: husema kwamba mzazi wa Dar es Salaam humpima mwanawe urefu akiwa kitandani. Siku ile niliacha kuucheka mzaha huo.

Mimi niliifanya safari ile mara moja, nikashinda kutwa nikiwa mchovu. Yeye huifanya siku ishirini na sita kila mwezi. Nilimwomba radhi, na Dominika iliyofuata niliwaomba radhi waamini wote. Walakini kuomba radhi hakupunguzi hata kilomita moja ya safari yake. Ndiyo sababu naandika.

Hesabu ambayo hatupendi kuifanya

Nilimwuliza swali ambalo wengi wetu tungemwuliza: kwa nini ulichagua kukaa mbali namna hii na kazi yako? Alinijibu kwa hesabu, nami naiweka hapa kwa idhini yake.

Alipotoka Songea alikuwa na shilingi 400,000, fedha ambazo kaka zake walimchangia baada ya kuuza mahindi. Alipata kazi Kariakoo, akatafuta chumba. Buguruni aliona chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi. Kutoka pale angepanda gari moja tu la shilingi 600. Lakini mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 480,000, na dalali alitaka kodi ya mwezi mmoja, shilingi 80,000. Jumla shilingi 560,000. Hakuwa nazo. Dalali yule yule akamwambia, "Dada, kwa fedha yako nenda Chanika." Huko alipata chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, miezi sita ni shilingi 300,000, na dalali wa huko shilingi 50,000. Jumla shilingi 350,000. Akabakiwa na shilingi 50,000 za kununulia godoro na ndoo, akamshukuru Mungu kwamba amepata nyumba rahisi.

Sasa na tuutazame huo urahisi. Kutoka Chanika hulipa bodaboda shilingi 1,000, gari la kwanza shilingi 700 na la pili shilingi 700. Hiyo ni shilingi 2,400 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kwa siku ishirini na sita ni shilingi 124,800 kila mwezi, bila kuhesabu nauli ya kugeuza. Tukijumlisha na kodi twapata shilingi 174,800. Kule Buguruni nauli ya mwezi ingekuwa shilingi 31,200, na pamoja na kodi shilingi 111,200. Chumba kile kinachoitwa rahisi humgharimu shilingi 63,600 zaidi kila mwezi. Kwa miezi sita humgharimu shilingi 381,600 zaidi, yaani kiasi kinachopita kodi yote aliyomlipa mwenye nyumba wa Chanika kwa muda huo!

Hapo bado sijahesabu saa. Kutoka Chanika hutumia kama saa tano kwa siku njiani. Kutoka Buguruni angetumia kama saa moja na nusu. Tofauti ni saa tatu na nusu kwa siku, saa 91 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya siku kumi na moja za kazi ya saa nane, ambazo hakuna mtu anayemlipa. Zimechukuliwa kutoka kwa watoto wake, usingizi wake, sala zake na Jumuiya yake. Nami nilisimama mimbarini nikaziita uvivu.

Huenda mtu akasema: basi, baada ya miezi sita ya kwanza mbona hakuhama? Kwa sababu ili ahame angehitaji tena shilingi 560,000 kwa mkupuo, na fedha ambayo angeiweka akiba imekuwa ikiliwa na nauli kila siku. Huu ni mwaka wake wa tatu Chanika. Tazameni basi mtego ulivyo: maskini hulazimika kununua kilicho ghali kwa sababu hana fedha ya kutosha kununua kilicho rahisi.

Umbali huu ulitengenezwa na watu

Wako wanaodhani kwamba hali hii ni kama mvua na jua, haina mwenyewe. Si kweli. Wakati wa ukoloni mji huu uligawanywa kwa rangi za watu: Wazungu Oyster Bay, Wahindi katikati ya mji na Upanga, Waafrika Kariakoo na Ilala. Mgawanyo ule ulikuwa wa dhuluma, wala hakuna atakayeutamani. Lakini hata katika dhuluma ile, mpagazi wa bandarini aliyekaa Kariakoo aliweza kwenda kazini kwa miguu. Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 ili wananchi wapate makazi bora. Lilijenga, lakini watu walikuja kwa kasi kuliko matofali. Mji ukaenea kufuata barabara zake kuu nne, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, na katikati ya barabara hizo kila mtu akajenga alipopata kiwanja. Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi. Wale waliozaliwa humu na wale waliohamia, wote wanahitaji mahali pa kulala, na wengi wao wanalala mbali na mahali wanapofanya kazi.

Usafiri nao una historia yake. Mabasi ya umma yaliposhindwa kuwachukua watu, Serikali iliwaruhusu watu binafsi mwaka 1983, na wananchi wakayaita magari yale daladala kwa sababu ya nauli yake ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi katika barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kivukoni. Hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini yafaa tukumbuke jambo ambalo kila dalali analijua: barabara njema ikifika, kodi ya chumba kilicho karibu nayo hupanda. Kama hatugusi masharti ya kupangisha, kila kituo kipya kitawasogeza maskini hatua moja nyuma zaidi.

Tena sheria haimsaidii sana. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei na masharti ya kulipa vimeachwa, kwa sehemu kubwa, katika mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji. Twaambiwa kwamba ni mapatano ya watu wawili walio huru. Je, mama aliyeshuka kwenye basi na watoto wawili na sanduku, jua likizama, ana uhuru gani wa kupatana?

Pingu ya miezi sita

Nasema wazi kwamba desturi ya kudai kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla mtu hajalala hata usiku mmoja, ni desturi isiyo ya haki, na Mkristo haimfai.

Kwanza, haiendani na namna mfanyakazi anavyolipwa. Mshahara hutolewa baada ya mwezi kwisha; kibarua hulipwa jioni, baada ya jasho. Mwenye nyumba hudai fedha ambayo mfanyakazi bado hajaifanyia kazi. Kwa hiyo mpangaji hukopa, na mara nyingi hukopa kwa riba inayomnyonga. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kilikataza kumnyang'anya maskini jiwe lake la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ndilo linalomlisha. Sisi twamnyang'anya mtaji wote aliokuja nao, kisha twashangaa kwamba hana hata wa kuuza vitumbua.

Pili, desturi hii humfunga mgeni katika kosa lake. Mgeni haujui mji. Anaonyeshwa chumba mwezi wa Januari, jua linawaka, ua umefagiwa. Hakuna anayemwambia kwamba mwezi wa Aprili maji hufika kwenye kitasa. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko ya bonde la Msimbazi yaliua watu na kubomoa nyumba, na waliokaa Jangwani na maeneo ya jirani wakapewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita 25 kutoka mahali walipokuwa wakitafuta riziki. Baadhi yao walirudi bondeni. Wengi wetu tuliwaita wakaidi. Lakini mtu anayebeba mizigo sokoni Kariakoo hawezi kuipeleka Kariakoo Mabwepande. Alirudi penye hatari kwa sababu penye usalama hapakuwa na mkate. Kama hao waliopewa viwanja walishindwa na umbali, itakuwaje kwa mpangaji ambaye fedha yake yote imo mfukoni mwa mwenye nyumba? Hata akigundua katika wiki ya kwanza kwamba mahali pale hapamfai, hana njia. Atakaa na maji yake hadi miezi sita itimie.

Tatu, inamwondolea mpangaji sauti. Aliyekwisha kulipa yote hana la kusema choo kikifurika, au umeme wa luku unapogawanywa kwa upendeleo. Akisema, huambiwa, "Kama hupataki, hama." Ahame na nini? Fedha yake hairudishwi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaja nyumba miongoni mwa mambo ambayo mtu hana budi kuyapata ili aishi maisha yanayomstahili mwanadamu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyaweka makazi na usafiri wa mijini pamoja, jambo moja likifuata jingine. Alifanya vema. Sisi hupenda kuyatenganisha, tukamlaumu mwenye daladala peke yake kwa safari ndefu, ilhali safari hiyo ilianza siku ile kodi ya mbele ilipomfungia mtu mlango wa Buguruni.

Majibu kwa wenye nyumba

Ndugu zangu wenye nyumba, nawajua. Wengi wenu si matajiri. Ninyi ni walimu na wauguzi wastaafu mliojenga kwa kiinua mgongo. Ni wajane mnaoishi kwa vyumba vitatu vya uani. Hoja zenu nimezisikia, nami sizidharau.

Mwasema: "Mpangaji wa mwezi kwa mwezi atatoroka usiku na deni." Wako wanaotoroka, ni kweli. Basi chukueni kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, ambayo mtamrudishia akiondoka vema. Mtu akikimbia, mmejilinda. Kwa masharti hayo mama yule angehitaji, pamoja na fedha ya dalali, shilingi 240,000 tu ili aingie Buguruni, na angebakiwa na shilingi 160,000.

Mwasema: "Nahitaji fedha nyingi kwa pamoja nipige bati, nilipe ada." Haja yako ni ya kweli. Lakini kwa haki gani yule aliye na kidogo kuliko wewe awe ndiye anayekukopesha, bila riba na bila hiari? Viko vyama vya kuweka na kukopa, viko vikundi vya VICOBA hata katika parokia zetu. Kopa huko, ulipe kwa kodi ya kila mwezi.

Mwasema: "Ndiyo desturi ya mji, mimi ni nani niibadilishe?" Desturi ni watu. Haikushuka kutoka Sinai.

Na wewe ndugu dalali, ambaye labda ni mwanakwaya wetu: kazi yako ni halali, na miguu yako huchoka. Lakini unapochukua fedha ya kuonyesha chumba unachojua kwamba kimekwisha kupangishwa, huo ni wizi. Unapomficha mgeni habari ya maji ya masika, huo ni uongo. Nayo malipo yako yafaa yatoke kwa mwenye nyumba aliyekutuma, au wagawane yeye na mpangaji, kuliko yote kumwangukia aliye mnyonge zaidi.

Sisemi haya kama mtu aliye safi. Parokia yetu ina nyumba moja ya kupangisha. Mwaka jana, wakati nahubiri juu ya uvivu, tulikuwa tukidai kodi ya mwaka mzima mbele. Halmashauri ya Walei ilipoyajadili mambo haya, mzee mmoja aliinuka akauliza kwa upole, "Na ile nyumba yetu, Baba?" Hatukuwa na jibu. Tangu Januari twapokea kodi kila mwezi. Mpangaji mmoja amechelewa mara moja, kwa wiki mbili, akalipa. Parokia haijafilisika.

Neno kwa anayehamia mjini

Wewe unayejiandaa kuja, au unayempokea ndugu yako, usidanganyike na bei ya chumba peke yake. Jumlisha kodi, nauli na saa, kisha ulinganishe.

Usikague njia siku ya Jumapili mchana. Nenda Jumatatu alfajiri, usimame kituoni saa ile ile utakayokwenda kazini, urudi jioni. Uliza kama magari hufika mwisho wa njia au hukatisha na kuwashusha watu katikati. Uliza gari la mwisho hupita saa ngapi.

Waulize wanawake njia ya kutoka kituoni hadi nyumbani ikoje usiku, kama ina taa, kama kuna mtu aliyewahi kuporwa. Wanaume aghalabu hawajui jibu.

Kama una watoto wa shule, tazama shule iko wapi kabla ya kutazama sebule. Mwanafunzi hulipa nauli pungufu, na kwa sababu hiyo makonda humsukuma chini ya ngazi. Mtoto anayehitaji magari mawili atafika shuleni amechelewa, na jioni atasimama kituoni mpaka watu wazima wapungue.

Tazama ukutani kama kuna alama ya maji. Uliza jirani, si dalali, masika hukuwaje, na maji ya kunywa hutoka wapi na kwa bei gani kwa dumu.

Ukiweza, fikia kwanza kwa ndugu mwezi mmoja, ujifunze mji kabla ya kufunga mkataba. Nawe ndugu mwenyeji, usimchoke mgeni siku ya tatu ukamwambia ashike jembe. Mwezi mmoja wa kubanana kwako waweza kumwokoa na miaka mitatu ya kuhangaika.

Na chochote mtakachopatana, kiandikwe: kiasi, muda, amana, nani atatengeneza kinachoharibika, na fedha itarudishwaje mtu akihama mapema. Mpe nakala mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mkishindwana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini Baraza linahitaji karatasi, haliwezi kusoma kilicho moyoni mwako.

Neno kwa viongozi wa walei

Hayo yote mgeni hawezi kuyatenda peke yake, na asipoweza tusimgeuzie lawama. Jumuiya zetu zinaujua mtaa kuliko dalali yeyote. Zinajua chumba gani ki wazi, mwenye nyumba gani ni mwungwana, uchochoro gani hujaa maji. Kwa nini maarifa hayo yauzwe kwa kodi ya mwezi mmoja, ilhali twaweza kuyatoa bure? Kila Jumuiya imteue mtu mmoja wa kuwapokea wageni, bila kuuliza kwanza dini ya mgeni. Njaa na foleni havibagui.

Parokia ianzishe mfuko mdogo wa kumkopesha mgeni amana, arudishe kidogo kidogo. Wenye nyumba walio waamini waalikwe pamoja, si kukaripiwa, bali kupatana juu ya kodi ya mwezi, au kwa uchache isizidi miezi mitatu. Watano wakikubali katika mtaa mmoja, wa sita ataona aibu.

Mpango wa Jumuiya nao utazamwe upya. Sisi tumeanzisha kusanyiko la pili siku ya Dominika baada ya Misa ya kwanza kwa ajili ya wale wanaosafiri mbali. Mama yule huja, na watoto wake.

Tena tusinyamaze mbele ya wenye mamlaka. Diwani na mbunge wetu waulizwe juu ya taa, vituo vyenye paa, magari ya alfajiri, na wanafunzi wanaoachwa barabarani. Nao waulizwe ni lini nchi hii itakuwa tena na sheria ya kumlinda mpangaji kuhusu kodi ya mbele. Kuuliza hivyo si siasa ya vyama. Ni haki ya raia na wajibu wa Mkristo.

Mama yule bado anakaa Chanika. Jumuiya moja ya Buguruni inamtafutia chumba. Wenye nyumba wawili wamekwisha kukataa kodi ya mwezi. Wa tatu amesema atafikiri. Namwombea huyo wa tatu. Nanyi, ambao pengine mna chumba kitupu uani wakati mnaposoma ukurasa huu, fikirini pamoja naye.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu ni nani hutoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja alfajiri? Tumewahi kumtembelea, na saa ngapi?

2. Tufanye hesabu ya mpangaji mmoja aliye tayari: kodi, nauli na saa za njiani kwa mwezi. Twaona nini?

3. Nani kati yetu anapangisha? Anadai kodi ya miezi mingapi, na kwa nini? Nini kingemwezesha kupokea kwa mwezi?

4. Mgeni akifika kesho katika mtaa wetu, atakutana na nani kwanza: dalali au sisi?

5. Ni jambo gani moja tutakalolitenda kabla ya mwezi huu kwisha, na nani atalisimamia?